Ukitaka Mtoto Anywe Chupa, Nyamaza Kwanza

Nakumbuka siku moja, wala si ya zamani, maharagwe yangu huku kijijini Gatuanyaga yalikuwa yameanza kutoa maua, kijana wangu Kamau akanipigia simu niende kwake Ruiru haraka. Nikadhani kuna msiba.

"Hakuna msiba, Mami," akasema. "Ni mtoto. Amekataa chupa."

Nilicheka mpaka mbuzi wakaacha kula wakaniangalia. Mimi nimelea watoto wangu na wa majirani, leo niitwe kama zimamoto kwa sababu ya chupa? Nikamwambia ateleke maji ya chai, nafika, na kabla ya jua kutua huyo mtoto atakuwa amekunywa na kucheua. Hata wamama wa kanisa niliwaambia. Mwanangu, usijisifu kabla hujafika. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwika nikiwa bado njiani.

Kamau na mke wake Mercy wanakaa Membley, hapo Ruiru, nyumba nzuri, ya geti na askari wa kukuuliza unaenda kwa nani hata kama sura yako na ya mwenye nyumba ni moja. Kamau ni fundi wa magari pale Kimbo. Mercy anafanya kazi ya ofisi mjini Thika, na alikuwa amerudi kazini baada ya likizo ya kujifungua. Huyo msichana alisomeshwa kwa shida, kazi hiyo aliitafuta mpaka soli za viatu zikaisha. Lakini tangu arudi, mtoto alikuwa anakaa mchana kutwa bila kunyonya, anangoja mama yake. Maziwa yako kwa friji, Mercy ameyakamua mwenyewe na kale kamashine kake kanakonguruma, chupa zimechemshwa zikang'aa, na mtoto amefunga mdomo.

"Mum, nimempa wiki hii," Mercy aliniambia jioni ile, hata kabla sijavua kitambaa cha kichwa. "Akikataa mpaka Ijumaa, naandika barua ya kuacha kazi. Siwezi kukaa ofisini nikijua mtoto wangu ana njaa."

Hapo nikaacha kucheka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu alikuwa amekonda uso.

Sasa, nikwambie kitu kuhusu huyo mtoto. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo mtoto ni Nyambura, na Nyambura ni mimi. Baba yake mwenyewe humwita Mami. Ndiyo maana Mercy alikuwa hawezi hata kumkaripia vizuri. Utamkaripia aje mama mkwe wako? Alikuwa anapiga magoti na chupa mkononi: "Mami, tafadhali. Kidogo tu, Mami." Na Mami anamwangalia kama chifu aliyeletewa kesi ndogo.

Kesho yake Mercy akaenda kazini, tukabaki wawili, Nyambura na Nyambura. Nikampasha maziwa ndani ya bakuli la maji moto, nikajaribu tone moja mkononi, yako sawa. Nikamwekea chuchu ya chupa mdomoni. Akaitema. Nikaweka tena. Akaisukuma kwa ulimi, akageuza uso akaangalia ukuta. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Hawakumjua mjukuu wangu. Nikampa kwa kijiko, akakubali kidogo, nusu ikaenda shingoni. Jirani mmoja aliniambia nipake asali kwa chuchu, lakini nesi wa kliniki alikuwa amemkataza Mercy kabisa, asali si ya mtoto mchanga, na akasema pia asilazimishwe, mtoto akilazimishwa huichukia chupa kama dawa. Nikamsikiza nesi. Uzee si ukaidi.

Basi mtoto akaanza kuilegezea chupa macho. Hata akailamba. Nikasema sasa. Na hapo simu ikalia, ile ya kuonana uso.

"Mum, ako aje? Hebu nimwone. Mamiii! Mami wa mama!"

Weee! Mtoto aliruka mikononi mwangu kama samaki. Akaishika simu, akaulamba uso wa mama yake juu ya kioo, akatafuta ziwa hapo kwa kioo, hakuna. Akalia mpaka askari wa geti akaja kuuliza kama tuko salama. Chupa? Sahau chupa. Mercy naye huko ofisini machozi, "Mum, anataka nini? Amekunywa?" Baada ya muda kidogo akapiga tena. Na tena. Kila nikimtuliza, simu. Kila akianza kuizoea chupa, uso wa mama yake huyo, unaonekana na haushikiki.

Ndipo nilipokumbuka kahawa.

Mwanangu, nilipokuwa msichana wa kuolewa juzi, nilichuma kahawa kwa mashamba makubwa kati ya Ruiru na Thika, kabla hayajakuwa nyumba za ghorofa. Kamau alikuwa kifungua mimba wangu. Sisi wachumaji tuliacha watoto mwisho wa mistari ya kahawa, kwa mama mzee aliyeitwa Cucu Wangeci, yaani nyanya Wangeci, mwanamke mfupi, mkali, mikono mipana kama jembe. Tulimwachia chupa zetu. Watoto wote walikunywa isipokuwa wangu. Kamau alilia mpaka akapiga kwikwi. Na mimi nilikuwa nachuma nikiimba. Niseme ukweli, nilikuwa na sauti. Mstari mzima wa wamama ulikuwa unachuma kwa sauti yangu, nikinyamaza mikono yao inalegea. Kwa hivyo niliimba, na Kamau alilia, na mimi nikaacha debe la kuchumia nikakimbia kumnyonyesha, nikarudi nikaimba, akalia, nikakimbia.

Siku moja Cucu Wangeci alinizuia kwa fimbo.

"Nyambura, huyu mtoto hajakataa chupa. Wewe ndiye umemkatalia."

"Mimi, Cucu? Si niko kule mbali na debe langu?"

"Debe liko kule. Sauti iko hapa. Atakunywaje kwangu na anakusikia wewe?" Kisha akanisogelea, akapunguza sauti, wengine wasisikie. "Na uniambie. Unaimba ili akusikie, ama unaimba ili akulilie?"

Nilirudi kwa mstari nikachuma kimya. Wamama walidhani nimefiwa. Lakini Kamau alikunywa.

Jioni Mercy aliporudi nilimngoja amnyonyeshe mtoto kwanza. Huwezi kumwambia mtu maneno magumu mtoto akiwa hajashiba. Halafu nikamfuata jikoni, nikamsemesha bila kuzunguka, maana sijui kuzunguka.

"Mercy, kesho usipige simu."

Aliacha kuosha kikombe. "Kwa nini, Mum?"

"Akikuona hanywi. Anakungoja wewe utoke kwa hiyo simu."

"Ni mtoto wangu. Nisimwone siku nzima? Ndio anisahau?"

"Ni wako. Hakuna mtu anataka kukunyang'anya. Mimi nimelea wangu mpaka nikachoka."

Alicheka, kile kicheko cha kushtuka, halafu kicheko kikageuka kilio, akaegemea sinki. Nikamwacha alie. Nikamwambia habari ya kahawa, na lile swali la Cucu Wangeci, neno kwa neno. Alijipangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Mum," akasema, "leo mchana ulinitumia neno kwamba amekubali kijiko. Nilifurahi. Na hapo hapo nikaumia. Nikajiuliza, akizoea chupa, mimi nitakuwa wa kazi gani kwake?"

Mwanangu, hayo ni maneno ambayo mama wengi hufa nayo ndani. Mimi sikuwahi kumwambia Cucu Wangeci. Mercy alikuwa na ujasiri kunishinda. Nilimshika bega tu. Nikamwambia, "Jaribu kesho peke yake. Ikikataa, andika barua yako, nitakupa hata kalamu."

Kesho yake, Ijumaa yenyewe, simu ikanyamaza. Nikasema leo ni leo. Nikampasha maziwa, nikamweka Nyambura mdogo kwa paja, nikaanza kazi. Nilimwimbia. Nilimpigia makofi. Nilimtikisia funguo. Nilimwambia, "Kunywa, mama, kunywa, simba wa Gatuanyaga, aaa-haa, hivyo, fungua, fungua!" Alinikazia midomo kama mlango wa benki siku ya Jumapili. Nikaongeza sauti. Naye akaongeza yake. Mchana ukafika, hajaonja tone kwa ile chupa, tumeokolewa na kijiko tu, na mimi jasho linanitoka kama mlimaji. Nilianza kuiona ile barua ikiandikwa.

Hapo Kamau akaingia kula chakula cha mchana. Alisimama mlangoni na nguo zake za grisi, akatuangalia.

"Mami," akasema, "hebu nyamaza kidogo."

"Unamwambia nani? Mimi ama huyu?"

"Nyinyi wawili."

Nilitaka kumrushia kiatu. Mtoto niliyemzaa! Lakini Kamau hasemi sana, na mtu asiyesema sana akisema unamsikiza. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa shati safi, akapasha maziwa mengine. Akamchukua mtoto, akamgeuza mgongo ukalalia tumbo lake, uso nje, wakatoka nyuma ya nyumba penye kamba ya nguo. Mimi nikabaki dirishani jikoni.

Upepo ulikuwa unapiga nguo. Sweta nyekundu ya Mercy ilikuwa inajaa hewa na kuanguka, inajaa na kuanguka. Mtoto akaikazia macho. Kamau hakusema neno. Hakuimba, hakubembeleza, hakumwangalia hata usoni. Alimgusisha chuchu mdomo wa chini tu, akaacha. Mtoto akageuza kichwa. Kamau hakumfuata. Akangoja, kama anavyongoja gari lipoe kabla ya kufungua boneti. Sweta ikajaa upepo tena, mdomo ukafunguka wenyewe kwa kushangaa, chuchu ikaingia. Akaonja. Akakunja uso. Akaonja tena.

Halafu nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa anameza.

Vigelegele vilinifika kooni, nikavimeza vyote. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakanitoka juu ya vidole. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na mimi siku nzima nilikuwa ngoma. Hakumaliza chupa. Alikunywa zaidi ya nusu, akacheua kama mlevi, akamlalia baba yake kifuani.

"Umejua aje?" nikamuuliza Kamau aliporudi ndani, kwa sauti ya chini kabisa.

"Sijui, Mami. Nimeona tu wote mnamwangalia sana. Hata mimi nikiangaliwa nikikula, chakula hakishuki."

Mchana ulipokuwa unaisha nilijaribu mwenyewe. Nikamshika vile Kamau alimshika, nikasimama mbele ya zile nguo, nikafunga mdomo. Si rahisi, mtu kama mimi! Lakini alikunywa. Alikunywa kwangu.

Mercy aliingia jioni mbio, mkoba ukiwa bado begani, hakusalimia mtu. Hakuwa amepiga simu siku nzima, na uso wake ulionyesha. Nikamnyooshea chupa tupu. Akaiangalia. Akamwangalia mtoto, naye alikuwa ameshiba, amekaa kwa paja langu anacheza na kitambaa changu. Nikaona Mercy ameogopa kumkaribia.

Mtoto akasikia ule mkoba ukiwekwa chini. Akageuza kichwa. Akaacha kitambaa, akaniacha mimi, akamrushia mama yake mikono miwili na mwili wote, nusura aanguke.

"Mum," Mercy alisema, amemkumbatia, hata sijui alikuwa ananiambia mimi ama jina langu lililo kifuani mwake. "Bado ananitaka."

"Ulidhani nini?" nikamwambia. "Maziwa ni maziwa. Mama ni mama. Sasa kaa chini umnyonyeshe, na Jumatatu uende kazi."

Jumatatu akaenda.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtoto akikataa chupa, usimpigie kelele wala usimfukuze na chupa nyumba nzima. Mpe kabla njaa haijamtia hasira. Mwache mwingine ampe, na wewe uondoke kweli, uondoke na sauti yako na simu yako. Aangalie kitu kinachopepea. Akigeuza uso, ngoja, haraka haraka haina baraka. Akikataa kabisa, mpe kwa kijiko au kikombe, na umpeleke kliniki usikie wanasema nini. Lakini kabla ya hayo yote jiulize lile swali nililoulizwa kwenye kahawa, na ujijibu bila uongo. Leo ni chupa. Kesho ni shule, keshokutwa ni mtu mwingine kabisa anayempikia chai. Mama anayejificha nyuma ya mlango ili aitwe, hujitesa yeye na mtoto wake pia.

Na wewe nyanya mwenzangu mwenye mdomo kama wangu, jifunze kunyamaza. Nimeweza nikiwa na mvi, utaweza.

Mungu akupe maziwa na akupe watu. Akupe mtoto anayeshiba mikononi mwa wengine, na ukifungua mlango jioni, awe ni wewe anayemrukia.