Pale Nyangi Anaponyamaza

Pale Mwigobero, mwaloni Musoma, hakuna asiyeijua sauti ya Nyangi. Mitumbwi ya dagaa ikifika asubuhi, wachuuzi wenzake wanasukumana mpaka magotini majini, wanakanyagana, wanatukaniana wakwe. Yeye anasimama pakavu na ndoo yake, analiita jina la mwenye mtumbwi mara moja tu, na mwenye mtumbwi anageuza shingo. Sauti hiyo imemsomeshea watoto wanne. Watu wanasema angekuwa Dar es Salaam angekuwa mbali, naye huwajibu kwamba Dar es Salaam nako wanakula dagaa, na nani angewapelekea?

Ni mwanamke mwenye amani yake, mnene kiasi, mcheshi, mgumu kwenye bei. Ungekaa naye mwaka mzima usione kinachomsumbua. Ili ukione, ingebidi umfuate kanisani Jumapili, ukae benchi la nyuma yake, usubiri matoleo.

Wakati wa matoleo huimbwa "Kapu Letu". Huko kwao wimbo huo unaimbwa karibu kila Jumapili, na ukikosekana watu wanatoa sadaka kwa kununa. Nyangi huuimba ubeti wa kwanza wote, kiitikio chote, kisha ubeti wa pili unaanza: *kapu letu tupu, wewe umelijaza*. Hapo kwenye "umelijaza", Nyangi hunyamaza. Huvuta kitenge kilichokwisha kukaa vizuri, au humfuta kamasi mtoto ambaye hata si wa kwao. Neno likishapita anarudi kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea. Mumewe Enos, aliyekaa naye benchi moja tangu ndoa yao, hajawahi kugundua. Lakini Enos naye, tuseme ukweli, muda huo huwa anapekua mifuko ya koti kutafuta sadaka aliyoiweka mwenyewe.

Wengine wote kanisani hulitamka neno hilo bila shida. Nao huliimba kama Nyangi alivyoliimba kwenye kaseti, na hapo ndipo penye tatizo.

Nyangi alizaliwa Kiriba, kwa watu wa mihogo na nyavu. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, kwaya ya kigango chao ilikuwa inafundishwa na Mwalimu Apolinary, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia kutoka Butiama, mtu mrefu, mkali, aliyependa muziki kuliko chakula. "Kapu Letu" aliutunga yeye, mwaka mmoja ambao ziwa lilikuwa limewanyima watu samaki na mihogo ikaoza ardhini. Alifundisha kwa mkono. Mstari ule wa ubeti wa pili mkono ulikuwa unapanda ngazi kwa ngazi, na kwenye "ja" ya "umelijaza" ulikuwa umefika juu ya kichwa chake, vidole vimenyooka.

"Hapo kapu limejaa," aliwaambia. "Mtu asiniletee kapu nusu."

Ubeti huo aliuongoza Nyangi peke yake, na kwaya ilimwitikia. Mazoezini alikuwa akiifikia ile "ja" bila hata kunyanyua mabega.

Kisha akaja fundi wa kurekodi kutoka Mwanza, na mashine yake na jenereta lake. Siku hizi kijana anarekodi neno leo, neno kesho, anayaunga, na kilichopinda ananyoosha kwa kompyuta. Wakati ule hapakuwa na ujanja huo. Kwaya nzima ilisimama mbele ya maikrofoni mbili ndani ya kanisa, ikaimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na akikosea mmoja wamekosea wote, kaseti inarudishwa nyuma na wimbo unaanza upya. Mara ya kwanza mbuzi alilia dirishani. Wakarudia, mwimbaji wa besi akakohoa. Wakarudia tena, jenereta likakata. Ilipofika alasiri kila mtu alikuwa hoi, na aliyechoka kuliko wote ni msichana wa kuongoza ubeti wa pili.

Mara ya mwisho mbuzi alinyamaza, besi akajizuia, jenereta likavumilia. Nyangi akapanda ngazi zake. Alipofika kwenye "ja", sauti ilipanda, ikafika karibu, ikakaa chini. Haikupasuka wala haikutetemeka. Ilikaa hatua moja chini ya pale ilipotakiwa, ikatulia kama imefika nyumbani. Na kwa kuwa waitikiaji humfuata anayewaongoza, kwaya nzima ikashuka naye.

Fundi alivua vile vya masikioni, akamtazama Mwalimu Apolinary. Nyangi naye alimtazama. Mwalimu alisikiliza jenereta likikohoa nje, kisha akasema, "Iache."

Ikaachwa, na kaseti ikatoka. Ikapigwa Musoma mjini, ikapigwa Suguti, ikafika Bunda, ikachezwa redioni na kwenye harusi. Walimu wachache wa kwaya walikuwa wanasoma nota. Wengi walijifunza wimbo kwa kusikiliza kaseti, wakashika kila kilichokuwemo. Haikupita miaka mingi, "umelijaza" ya Nyangi ikawa ndiyo "umelijaza" ya kila mtu. Watoto waliozaliwa baadaye hawajui kwamba iliwahi kuwepo nyingine. Watu walimsifu Nyangi barabarani, naye alihisi kama wanamsimanga. Mwalimu alimpa kapu zima alibebe, yeye akalifikisha nusu, na mkoa mzima sasa ulikuwa unabeba kapu nusu. Ndiyo maana hunyamaza. Aliona kukosea mara moja kunatosha, hana sababu ya kulirudia kosa kila Jumapili.

Mwalimu alihamishiwa Bunda, akastaafu, akarudi kwao Butiama. Walikutana mara chache misibani na harusini, wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Swali lenyewe Nyangi hakuwahi kuliuliza.

Mwaka huu Gaudensia, mwenyekiti wa kwaya ya Kiriba, alimfuata Mwigobero, akamkuta anapepeta dagaa.

"Mama Masatu," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "kwaya inafanya jubilei. Tunarekodi upya nyimbo za zamani, studio ya Bunda. 'Kapu Letu' tunakutaka wewe mwenyewe uongoze."

"Mimi nimezeeka, mwanangu."

"Sauti yako tunaisikiaga kutoka stendi. Mwalimu Apolinary naye tutampelekea asikilize. Masikio yake yanakwisha, wanasema mwakani hatasikia kitu."

Nyangi aliacha kupepeta. Alikubali kabla Gaudensia hajamaliza kueleza. Hakuwaza jubilei hata kidogo. Aliwaza kwamba mzee bado anasikia, na kwamba amepewa nafasi ya kumpelekea kapu lake likiwa limejaa.

Akaanza mazoezi ufukweni, kwenye nyavu za kuanikia dagaa. Wanawake wenzake walimsikia akipanda "umelijaza", anashuka, anapanda tena, wakaulizana kama Mama Masatu yuko salama. Koo la sasa si la miaka kumi na tisa. Lakini alianza wimbo chini kidogo, akajipa nafasi, na wiki ya pili aliigusa ile "ja" juu kabisa, akaishika. Alifurahi mpaka akampunguzia mteja bei, jambo lililowashangaza watu zaidi ya kuimba.

Studio ya Bunda ni chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimefunikwa magodoro. Mwenyewe ni Prosper, kijana mwenye ndevu nzuri na adabu nzuri zaidi. Kwaya ilikuwa imesharekodi sehemu yake juzi yake. Nyangi alivalishwa vya masikioni, akafungiwa peke yake na maikrofoni, jambo aliloliona la ajabu, kama kuombwa ule pilau ya harusi chooni. Akafumba macho, akaisahau kwaya iliyokuwa masikioni, akauona mkono wa Mwalimu. Ukapanda, naye akapanda nao. "Ja" ikaja, akaifikia, akaijaza. Alipotoka alikuwa analia kidogo, wala hakujificha.

"Safi sana, mama," Prosper alisema. "Kanywe chai, mimi nisafishe safishe."

Walipomaliza chai, Gaudensia na Nyangi waliitwa kusikiliza. Wimbo ulikuwa mzuri. Ubeti wa pili ukaanza, sauti ya Nyangi ikapanda ngazi vizuri, na kwenye "ja" ikashuka palepale pa kaseti.

Nyangi alidhani masikio yake ndiyo mabovu. Akaomba irudiwe, na iliporudiwa ikashuka tena.

"Baba, hapo umefanya nini?"

"Nimekunyoosha tu, mama. Ulikuwa umetoka kwenye kii ya wimbo, ukawa unagongana na kwaya." Akamwonyesha kwenye kioo mstari wa sauti yake, akauvuta juu, akaurudisha chini kwa kidole. "Usijali. Hata wasanii wakubwa tunawanyooshaga."

"Irudishe kama nilivyoimba."

Akairudisha bila ubishi. Kwaya ilikuwa chini, Nyangi juu, na mahali hapo palisikika vibaya kweli, hata yeye alikunja uso.

"Mama Masatu, hapo umekosea," Gaudensia alisema kwa upole.

Nyangi aliwaeleza. Aliwaambia habari ya jenereta, ya mbuzi, ya mkono uliokuwa unafika juu ya kichwa. Walimsikiliza kwa heshima zote ambazo mtu humpa mama yake anapokuwa amechoka.

"Mama, huo wimbo nimebatiziwa," Prosper alisema mwishoni. "Nisingeujua?"

Ikabaki ilivyonyooshwa. Nyangi alirudi Musoma na uchungu wa mtu aliyeibiwa hadharani na kila mtu anamshukuru mwizi. Enos alipomuuliza safari ilikuwaje, alisema ilikuwa nzuri, na akaunguza ugali. Ila kabla ya kulala alikuwa ameshakata shauri. Kama mashine haimpelekei Mwalimu ile "ja", ataipeleka mwenyewe, kwa mdomo, kabla Gaudensia hajafika na wimbo kwenye simu yake.

Jumamosi akafunga dagaa safi kwenye mfuko, akaenda Butiama. Helena, mke wa Mwalimu, alimpokea mlangoni, akapokea na mfuko, akamwonyesha uani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachagua mawe kwa vidole. Alikuwa mrefu bado, hata akiwa amekaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, sogea huku. Nani, Nyangi?"

Akasogea mpaka karibu na sikio lake. Hotuba yote aliyoipanga njiani ikamtoka kichwani. "Mwalimu, nimekuletea kapu lako," alisema. "Lile la kwenye kaseti lilikuwa nusu. Nataka ulisikie zima."

Hakumpa nafasi ya kujibu. Akaimba palepale, ameinama, mkono umeshika bega la mzee. Mwalimu alifumba macho, akategesha kiganja sikioni. Nyangi akapanda, ngazi kwa ngazi, na "ja" akaifikia juu kabisa, safi kuliko hata Bunda.

Mzee akafumbua macho. "Hapo umekosea," alisema.

Nyangi akaliachia bega lake. "Mwalimu, si ndivyo ulivyotufundisha wewe mwenyewe? Mkono ulifika juu ya kichwa."

"Nilifundisha hivyo, ndiyo." Akaanza kucheka, taratibu, maharage yakitikisika kwenye ungo. "Nilikasirika sana na ile kaseti, nisikudanganye. Nilipohamia Bunda nikakuta wanauimba kama wewe. Nikawakataza. Nikiwapo wanapanda, nikitoka mlangoni wanashuka. Nimebishana nao mwaka mzima. Halafu siku moja niko shambani napalilia, nikajisikia mwenyewe ninauimba, na nikashuka. Nikaacha jembe, nikarudia nipande. Nikaona kama nimevaa kiatu cha mtu mwingine. Toka siku hiyo nashukaga."

"Anashuka hata akinyoa ndevu," Helena alisema kutoka jikoni.

"Na siku ile uliposema iachwe? Ulikuwa umeipenda?"

"Mafuta ya jenereta yalikuwa yameisha, Nyangi."

Hapo Nyangi naye akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, na ule mzigo wa miaka yote akauhisi ukimtoka kifuani, mzigo ambao mwenye mali alikwisha kuusahau shambani.

"Sasa imba vizuri, nisikie," Mwalimu alisema.

Akaimba. Alipofika mahali penyewe alipanda. Akarudia, akashuka mno, ikawa kama mtu aliyejikwaa.

"Siijui, Mwalimu," alisema. "Toka siku ile sijawahi kuiimba. Wakifikaga hapo mimi nanyamaza."

Kicheko kikamwisha mzee usoni. Akauweka ungo chini. Akanyanyua mkono kama zamani kule Kiriba, ukapanda ngazi kwa ngazi, na kwenye "ja" haukufika juu ya kichwa. Ulisimama usawa wa bega, ukatulia hapo.

"Tena," alisema.

Helena alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama mlangoni ili aitikie. Walirudia mpaka chai ikapoa.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matoleo, Enos alikuwa anapekua koti kama kawaida yake. Ubeti wa pili ulipofika kwenye "umelijaza", mikono yake ilisimama mfukoni, akageuka kumtazama mkewe.