Siku Nilipoikosoa Sentensi ya Mwende

Bado naiona ile asubuhi ya Jumanne, mwanangu, ingawa nywele zangu zote sasa ni nyeupe. Nilikuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya msingi karibu na Kwa Vonza, muhula wangu wa pili kazini. Nilifunga tai kila siku, hata katika ile miezi ambayo jua la Kitui halimhurumii mtu, na nilikuwa nimepewa Kiingereza cha darasa la nne kwa sababu, kama alivyosema mwalimu mkuu, nilikizungumza bila kutafuta maneno. Kuzungumza na kufundisha ni kazi mbili tofauti, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa ameniambia.

Nakueleza haya kwa sababu Jumapili, baada ya ibada, wewe unayeanza ualimu huko Makueni ulinijia na kitabu cha Gredi ya Nne kwapani ukaniuliza, "Baba, hii gerund nitawaelezaje watoto wa miaka tisa?" Nilikujibu kwamba nitafikiri. Kusema kweli jibu nilikuwa nalo. Ila linatokana na jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu wa nyumbani.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa -ing. Niliandika ubaoni, "I am eating. She is running." Kisha nikawapa kanuni niliyojitungia mwenyewe nikiandaa somo: ukiona -ing, lazima kabla yake kuwe na am, is au are; bila hayo, sentensi ni mbaya. Watoto waliikariri kwa sauti mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza. Nilifurahi. Ilikuwa kanuni fupi, na watoto wanapenda kanuni fupi. Ilikuwa pia ya uongo, lakini sikujua.

Nikawaambia kila mmoja aandike sentensi yake. Nikapita kati ya madawati na kalamu nyekundu, tiki hapa, tiki pale, mpaka nikafika kwa Mwende. Alikuwa msichana mdogo wa mwili, mwenye maswali mengi, aliyeishi na bibi yake ng'ambo ya mto. Alikuwa ameandika, "Fetching water is my work." Nilitafuta am, is au are kabla ya fetching, sikuona kitu. Nikaweka alama kubwa ya kosa, na chini yake nikaandika sentensi niliyoiona sahihi: "I am fetching water."

Mwende akaisoma, akainua mkono.

"Mwalimu, lakini mimi sichoti maji sasa. Nimekaa hapa."

Darasa likacheka. Leo najua walicheka kwa sababu alisema kweli, na kweli huchekesha ikisemwa na mtoto. Siku hiyo niliona wananicheka mimi.

"Unanijibu?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Nasema tu niko hapa."

Wakacheka tena, na hapo nikamtoa nje. Alisimama ukutani, upande wa jua, mpaka kengele ilipolia. Hakulia wala hakununa. Aliingia, akaketi, akafungua daftari la hesabu kama wengine.

Alhamisi, saa ya mapumziko, niliambiwa kuna mgeni wangu mlangoni. Alikuwa bibi yake Mwende, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vumbi la njia miguuni mpaka magotini. Alikuwa amebeba daftari la mtoto, amelifunga ndani ya leso, kama watu wanavyofunga Biblia isichafuke. Nilimpa kiti. Nilijiandaa kugombezwa, na nilikuwa na majibu yangu tayari. Hakunigombeza.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma. Nataka unielezee hii alama nyekundu ni ya nini."

"Ni ya kosa, susu," nikamjibu, nikimwita bibi kama tunavyowaita kwetu. "Mtoto ameandika vibaya."

"Ameandika nini?"

Nikamsomea kwa Kiingereza, kisha nikamfasiria. "Amesema, kuchota maji ni kazi yangu."

Akangoja niendelee. Alipoona siendelei, akasema, "Na ni kazi yake. Mimi ndiye niliyempa. Kwani kosa liko wapi?"

Sentensi ilikuwa imetoka kinywani mwangu ikiwa nzima kabisa, haina pengo popote, na sikuhitaji kuiongezea kitu ili bibi huyo aielewe.

"Ni mambo ya Kiingereza, susu," nikasema.

"Sawa. Kiingereza sikijui." Akalikunja daftari kwenye leso. "Lakini tangu juzi mtoto hasemi. Alikuwa akitoka shule ananisimulia yote mliyosoma, mpaka namwambia anyamaze ale. Sasa nikimuuliza, anasema hakuna kitu. Ndiyo nikaona nije niulize kama kosa lenyewe ni kubwa hivyo."

"Nitaangalia," nikamwambia.

"Angalia, mwanangu." Akaondoka. Alikuwa ametembea karibu saa nzima kuja, na alikuwa na saa nyingine ya kurudi.

Niliangalia siku hiyo hiyo. Kulikuwa na kitabu cha sarufi kwenye kabati la walimu, kizee, hakina jalada. Katika kurasa chache nikaona kile nilichokuwa nimesomeshwa chuoni, nikafanya mtihani wake nikapita, kisha nikakisahau: kwamba neno la -ing mara nyingine huacha kuwa tendo linaloendelea, likawa jina la tendo lenyewe, nalo husimama kwenye sentensi mahali ambapo jina la mtu au la kitu lingesimama. Ndiyo gerund hiyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila alasiri nilikuwa nikiwafundisha watoto walewale Kiswahili, na muhula huohuo nilikuwa nimewafundisha ngeli ya KU: kuimba kunapendeza, kulima kunachosha. Mwende alichukua nilichomfundisha alasiri akakitumia asubuhi. Mimi ndiye niliyeshindwa kukitambua.

Nikamwendea Mwalimu Kioko, aliyekuwa ametufundisha wengi pale ofisini namna ya kuishi na wazazi, mtu niliyemheshimu. Nikamwonyesha kitabu. Akasoma, akacheka kidogo.

"Ni kweli umekosea," akasema. "Lakini iache. Ukienda kujikosoa mbele ya watoto, hutawaweza tena. Mwakani watasomeshwa na mtu mwingine, ataweka sawa."

Sikumlaumu wakati huo na simlaumu leo. Alinipa ushauri niliokuwa nautafuta. Nikauchukua, nikakaa nao siku kumi.

Katika siku hizo niliwapa insha kuhusu siku ya Jumapili. Mwende aliandika hivi: "I am going to church. I am singing. I am eating. I am sleeping." Nusu ukurasa, kila sentensi ikianza vile vile. Hapakuwa na kosa hata moja kwa kanuni yangu, nikampa tiki zote. Mtoto ambaye wiki moja nyuma aliandika kitu nisichokuwa nimemfundisha, sasa aliandika nilichotaka na hakuongeza neno. Nililirudisha daftari lake na sikumwangalia usoni.

Jumatatu iliyofuata nafasi yake ilikuwa tupu. Nikawauliza watoto. Wakasema mama yake, aliyekuwa fundi wa kushona huko Wote, Makueni, alikuja kumchukua. Alikuwa ameahidi kumchukua tangu zamani, na sasa alikuwa amempatia nafasi katika shule ya huko. Kwa hivyo hakuondoka kwa sababu yangu, mwanangu. Nilijaribu kujifariji kwa hilo, lakini halikunisaidia sana.

Sikungoja kipindi cha Jumanne. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia, "Niliwapa kanuni mbaya. Mwende alikuwa sawa, mimi ndiye niliyekosea." Nikafuta ubao, nikawauliza kila mmoja anafanya kazi gani nyumbani. Wakazitaja: kuchunga mbuzi, kufagia uwanja, kupepeta pojo, kubeba mtoto. Nikawaonyesha kwamba hawazifanyi sasa, wameketi darasani, lakini kazi hizo zina majina. Jina la kuchunga ni herding. Jina la kufagia ni sweeping. Ukitafsiri neno la -ing ukapata "anafagia", hilo ni tendo linaloendelea, lipe am, is au are yake. Ukipata "kufagia", hilo ni jina la kazi, liache lisimame peke yake.

Kyalo, mvulana aliyekuwa akisinzia vipindi vingi, akainua mkono. "Mwalimu, na nikisema 'My work is sweeping', is si iko hapo?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa muhula huo. "Tafsiri," nikamwambia.

"Kazi yangu ni... kufagia."

"Ni anafagia au ni kufagia?"

"Kufagia." Akafikiri, kisha akacheka mwenyewe. "Kazi haiwezi kushika ufagio!"

Darasa likacheka, na safari hii nilicheka nao. Mwalimu Kioko alikosea jambo moja tu: watoto hawakunishinda. Kuanzia siku hiyo waliuliza zaidi, na kelele zikapungua.

Jumamosi nilimwendea bibi yake Mwende, akanielekeza, nikabadilisha magari mara mbili mpaka Wote. Mama yake Mwende alikuwa akishona sare za shule kwenye baraza ya duka. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani na kilichonileta. Alisimamisha cherehani, akamwita binti yake. Mwende alikuja na nyuzi zimemganda kwenye sweta. Aliponiona alisimama wima, mikono nyuma, kama watoto wasimamavyo mbele ya mwalimu.

"Mwende, ile sentensi yako ilikuwa sawa," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nilijua, mwalimu," akasema.

Hakusema kwa kiburi, wala kwa hasira. Alisema kama mtu anayeulizwa jina lake.

Kisha akauliza, "Na huku nikiandika hivyo, watanipa tiki?"

Nikamwambia ndiyo, na wasipompa, aulize kwa nini. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Nilijua anafikiria ule ukuta wenye jua. "Sawa," akasema, akarudi ndani. Mama yake alinipa chai, tukazungumza habari za mvua, nikaondoka.

Sikumwona tena, mwanangu. Ningependa kukuambia alikuja kuwa mtu mkubwa, au kwamba alinitumia salamu baada ya miaka. Sijui aliishia wapi. Sijui kama aliwahi kuinua mkono tena darasani. Msamaha niliupeleka, lakini niliuchelewesha zaidi ya wiki mbili, na siku hizo alizikaa akiamini kwamba shuleni mtu hunyamaza na lile analolijua.

Basi sikiliza. Gerund ifundishe kwa kazi za mikono yao wenyewe, kwa lugha waliyokuja nayo kutoka nyumbani, na usiwape kanuni kwa sababu tu ni fupi. Ukikosoa daftari, isome kwanza sentensi kama mtu anayeambiwa jambo, kabla hujaisoma kama mwalimu. Mtoto akikujibu, hesabu mpaka kumi, ujiulize kama anakudharau au anakusaidia. Na ukigundua umekosea, usitafute mtu wa kukuambia unyamaze, maana hutamkosa. Nenda siku hiyo hiyo, wakati mtoto bado yuko kwenye dawati lake.

Mungu akupe subira ya kuwasikiliza wale wadogo, akupe na moyo mwepesi wa kusema "nimekosea". Akulinde kwenye barabara za Makueni asubuhi na jioni, na watoto utakaowafundisha wakukumbuke kwa wema. Nenda, mwanangu, kipindi kinakungoja.