Salamu za Dakika Tatu

Jirani yangu alianza kumwombea Levi mwezi wa Oktoba. Alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Goma, na tulikaa mlango kwa mlango kwenye fleti za kupanga, katika kitongoji kimoja kaskazini mwa Minneapolis. Vuli ile, ng'ambo ya barabara kuu, kila nyumba ilikuwa imechomekewa kibao kwenye nyasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa "Vote Yes, Levy". Yeye aliposoma akaona jina la Biblia. Katika Biblia yangu huyo ni Lawi, lakini katika yake ya Kifaransa ni Lévi, baba wa makuhani, na mama yule hakuona ubaya wowote mtu wa ukoo kama huo kugombea cheo.

"Dada," aliniuliza tulipokutana kwenye ngazi, "uyu Lévi ni mutu wa wapi? Kila nyumba iko na jina yake, lakini foto yake haiko hata moya."

Nilicheka mpaka nikakaa kitako pale pale kwenye ngazi. Nilipopata pumzi nikamweleza kwamba huyo si mtu, ni kodi. Shule za huku haziendeshwi na wizara kama kwetu Kenya. Kila wilaya ya shule ina bodi yake, watu saba waliochaguliwa na wakazi, na fedha zake nyingi hutoka kwa jimbo kulingana na idadi ya watoto. Zikipungua, bodi huwaendea wakazi na kuwaomba wapige kura wakubali kuongezewa kodi ya nyumba. Jirani yangu alisikiliza kwa makini, kisha akashika kichwa.

"Kumbe ni impôt," akasema. "Na mimi nimemufungia!"

Kufunga kwenyewe, kukaa bila kula akiomba, hakukusaidia. Katika fleti zetu, hata wale waliokwisha kuapa uraia waliamini kwamba kura ya kodi ya nyumba ni ya wenye nyumba, wakaenda zao kazini. Wenye nyumba nao, wengi wao watoto wamekua na kuhama, walikwenda kupiga kura wakiwa wamebana mifuko yao. Levi akaanguka. Jirani yangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkatisha maombi.

Kilichofuata hakikuwa cha kucheka. Baada ya Krismasi simu zetu zote zililia kwa wakati mmoja, sauti ya mkuu wa wilaya ya shule iliyorekodiwa ikituambia kwa upole sana kwamba kwa sababu ya matokeo ya kura, kuanzia mwaka ujao wa masomo mtoto anayeishi chini ya maili moja kutoka shuleni hatachukuliwa tena na basi. Sisi tulikuwa chini ya maili moja. Shule yenyewe tuliiona dirishani. Ila kati ya dirisha na shule kulikuwa na barabara kuu yenye njia sita za magari, na mtu aliyepima umbali ule alipima kwa ramani, akiwa amekaa, mahali penye joto.

Mimi nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nilipofika nyumbani asubuhi basi lilikuwa limeshaondoka. Jirani ndiye aliyempandisha binti yangu pamoja na wanawe, halafu akaruka ndani ya gari la wenzake kwenda ghalani kule Eagan, ng'ambo kabisa ya jiji. Gari lile halikumngoja mtu. Basi likiondolewa, ama yeye aache kazi ama mimi niache, au watoto wa shule ya msingi wavuke njia sita peke yao kwenye giza la Januari na barafu chini. Tulilizungusha jambo hilo kila upande tukakosa njia ya nne.

Jumapili tukalipeleka kanisani. Pale palikuwa na wazazi wengine wa fleti zile, Wakenya na Wakongo, na wote waliafikiana haraka kwamba bodi inazungumzika, mradi apatikane msemaji. Msemaji alikuwepo. Alikuwa mzee tuliyemwita Mwalimu, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu huko Kenya kabla hajaja kuishi na mwanawe. Kwenye harusi na matanga hakuna aliyethubutu kushika kipaza sauti kabla yake. Kumnyang'anya baada ya hapo ndiko kulikokuwa na kazi.

Kikao cha bodi kilifanyika jioni katika ukumbi wenye zulia la kijivu. Tulikaa safu mbili nzima, tumevaa nguo za kanisani, huku Wamarekani wachache waliokuwepo wamevaa fulana. Kwanza mama mmoja wa ofisi alionyesha matokeo ya mtihani wa jimbo kwenye skrini, kwa michoro ya rangi: shule hii imekua, ile inakaribia kukua, nyingine iko kwenye safari. Mwalimu alikunja uso muda wote.

"Sasa yetu imekuwa namba ngapi?" alininong'oneza.

"Hawatoi namba, Mwalimu."

"Hawatoi namba! Sasa wa mwisho atajijuaje?"

Ndipo ikaja zamu ya wananchi. Mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, alisoma masharti: kila msemaji ana dakika tatu, mbele yake kuna taa, kijani ni endelea, njano ni malizia, nyekundu ni keti. Na bodi haijibu. Inasikiliza tu, kwa mujibu wa kanuni zake. Mwalimu aliitwa, akafunga kifungo cha koti, akaenda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kufungua jengo.

"Good evening," akasema.

Bodi haikujibu. Watu saba walimtazama kwa adabu kubwa, midomo imefungwa.

Mtu yeyote aliyesoma Kenya anajua kinachofuata. Msemaji akisalimu asiitikiwe, hasogei. Mwalimu alisubiri. Taa ilikuwa kijani. Akakohoa kidogo, akasogea karibu na kipaza sauti.

"I said, good evening!"

Safu zetu mbili zikaitikia kwa sauti moja, ukumbi ukatikisika, na mlinzi akachungulia mlangoni. Bodi, kimya. Mwalimu akaamua kuwasamehe. Akamtambua mwenyekiti, akamtambua makamu wake, akawatambua wajumbe mmoja mmoja kwa kusoma vibao vilivyo mbele yao, na yule mwenye jina refu la Kipolandi alimtambua mara mbili ili alipate vizuri. Akamtambua mkuu wa wilaya. Akamtambua mama wa michoro. Akaleta salamu kutoka kwa mchungaji, ambaye angependa kuwepo lakini ana mafua. Akamshukuru Mungu kwa hali ya hewa, jambo ambalo hata mimi niliona ni kumsingizia. Taa ikawa njano.

"Having said those few remarks," alisema Mwalimu akinyoosha kidole juu, "I now come to the matter that has brought us here..."

Taa ikawa nyekundu. Mwenyekiti akamshukuru kwa muda wake.

Nilitaka zulia linimeze. Tulirudi kwa magari ya watu, na Mwalimu hakuwa na haya hata chembe. Alikuwa na hasira.

"Watu wazima saba," alisema, "wamepewa watoto wa watu, na hawawezi kuitikia salamu!"

Wiki nzima tulibishana. Mimi nilisema kikao kijacho, ambacho ndicho cha kupiga kura, tuanze na basi moja kwa moja, kuanzia neno la kwanza. Nilisema kwa ukali, maana kazi iliyokuwa hatarini ilikuwa yangu pia. Mwalimu alisema hilo haliwezekani, kwamba mtu asiyesalimu hana tofauti na mtu aliyekuja kudai, na wazee wote wakamuunga mkono. Nikaona hapa nitagombana na kanisa zima. Jirani yangu ndiye aliyelifungua fundo, huku akimenya vitunguu jikoni kwangu.

"Si kila mutu anapata dakika tatu? Mwalimu asalimie zake zote tatu. Mimi nitasema ya bus. Weye utatafsiri."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Katika kikao cha pili Mwalimu aliitwa wa kwanza na akasalimu dakika tatu kamili, safari hii kwa raha, kama mtu anayekula bila kuangalia saa. Alitangaza kwamba itifaki yote imezingatiwa kwa niaba ya wote watakaomfuata. Na taa ilipokuwa nyekundu, yeye akigeuka kuketi, mwenyekiti aliangalia kulia na kushoto, akainamia kipaza sauti chake, akasema, "Good evening, sir." Kanuni au si kanuni, alisema. Mwalimu alisimama akainamisha kichwa. Nakiri nilipenda sana uso wake wakati ule.

Kisha jirani yangu. Alikuwa amevaa kitenge kipya na alishika kingo za meza kwa mikono miwili.

"Munasema masomo iko karibu," alianza. "Ni kweli. Minaiona kwa dirisha. Kwetu Goma, Gisenyi ya Rwanda nayo unaiona, nyumba na batu, unaweza kubapungia mukono. Lakini kati kuna mpaka, na kwa mpaka kuna batu bameshakufa. Ile route yenu njo mpaka wetu. Mimi minatoka saa kumi na mbili na nusu kuenda kazi. Uyu dada anafika nyuma ya pale. Batoto banne babaki na nani?"

Nilitafsiri. Nilikuwa nimejiandaa kuongeza maneno makali ya kwangu, lakini yake yalitosha, nikayaacha. Taa ilikuwa bado kijani. Mzee mmoja wa bodi, yule ambaye kila kikao alizungumzia mlipa kodi kama mtu wanayekaa naye nyumba moja, alivua miwani na kuifuta.

Walijadiliana kwa muda mrefu. Mkuu wa fedha aliweka kwenye skrini duara lililokatwa vipande kama keki, akaeleza kwamba keki haiongezeki kwa sababu watu wamepewa haki yao ya kuzungumza. Kurudisha basi kwa fleti zilizo ng'ambo ya barabara kuu, fedha zake zitatoka mahali. Pendekezo lake ni kuufuta muziki wa vyombo vya nyuzi katika madarasa ya nne na ya tano. Mwenyekiti akatugeukia, sisi wa safu mbili, akauliza kama tumeelewa pendekezo. Jirani alinivuta mkono anataka kujua yamesemwa nini.

"Linarudi," nikamwambia.

Tukaitikia sote kwa vichwa kwamba tumeelewa. Kura zikapigwa, wanne dhidi ya watatu. Nilipiga vigelegele ambavyo nadhani ukumbi ule haukuwa umewahi kuvisikia, wanawake wengine wakapokea, jirani yangu akanikumbatia mpaka miguu ikaacha zulia, na mwenyekiti akagonga kinyundo chake huku akicheka. Mwalimu aliwapa mkono wote saba. Nililala usingizi mzuri kuliko wote wa mwaka ule, na sikuona aibu hata kidogo kwa kelele zile.

Septemba basi lilikuja. Nilikuwa nimebadilishana zamu siku ile ili nilione kwa macho yangu likisimama, mlango ukifunguka, binti yangu akipanda bila hata kuniaga kwa sababu sasa alikuwa darasa la nne na mama kituoni ni fedheha. Nilibaki pale nikilitazama likivuka njia zote sita na watoto wetu ndani, nikalia kwa furaha, nikaenda kulala.

Mchana aliporudi alitupa mkoba sakafuni. Nilimuuliza kwa Kiswahili kuna nini, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema hakuna fidla tena, muziki wa nyuzi umefutwa. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba tangu darasa la tatu, walipopelekwa ukumbini kuwasikiliza wakubwa wakipiga, yeye alikuwa ameshachagua fidla. Mwaka mzima alikuwa akingoja kufika darasa la nne. Alikuwa ameshajua hata ataishikia bega gani, na akanionyesha, kidevu kimeinama, mkono mmoja hewani.

Akaniuliza nani aliyeiondoa. Nikasema ni bodi.

Akaniuliza kama bodi, kabla ya kuiondoa, iliuliza mtu yeyote.

Nikamwambia ndiyo, iliuliza, na mimi nilikuwa pale nikipiga vigelegele.