Maksai Mdogo wa Uyole

Zamani kamba ilikuwa ya mbuzi anayepelekwa mnadani. Mbwa hakufungwa. Alifukuza nyani shambani, akala kilichobaki, akalala nje, na hakuna aliyewaza kumtembeza kwa kuwa njia zote alizijua kuliko mwenye nyumba. Siku hizi hapa Uyole mbwa ana mkanda shingoni na bakuli lake mwenyewe, na mtu mzima anamfuata nyuma ameshika kamba. Mambo hayo siyapendi na sitayapenda. Lakini Bartholomeo, jirani yangu, simcheki, na nitaeleza kwa nini.

Bartholomeo ni mtu wa Rujewa. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kufundisha maksai kulima. Watu walimletea madume wakali wasiojua hata kusimama, naye akawarudishia jozi inayofungua majaruba ya mpunga kwa mstari ulionyooka, bila kelele na bila damu ya fimbo mgongoni. Kisha zikaja pawatila, zile trekta ndogo za kushikwa kwa mkono. Mashine haina jina, haimjui anayeilisha, na ikiharibika hulala shambani kama bati bovu, lakini kila mtu aliitaka. Jozi yake ya mwisho, Mashaka na Serikali, ilinunuliwa na wachinjaji wa Chimala. Hakuna mkulima aliyetaka ng'ombe waliosoma.

Mkewe alipofariki, binti yake Pendo, ambaye ni muuguzi, alimchukua akae naye hapa Uyole. Nyumba ni nzuri na chakula hakikosekani. Kilichokosekana ni kazi. Ndipo Pendo akamkabidhi Pipi, mbwa mweupe mwenye manyoya mengi, mdogo kuliko debe, aliyeachwa na mfanyakazi mwenzake aliyehamishwa. Awe anamtembeza asubuhi hadi njia panda na kurudi, ili miguu ya mzee isikakamae.

Mwanzoni mzee aliona haya. Baadaye nikamsikia akizungumza na yule mbwa kwa Kisangu, lugha ya kwao, na nikajua amepata mtu.

Tatizo lilikuwa moja. Pipi alivuta. Alitoka getini kama amechelewa basi, kifua mbele, akikoroma kwa kukabwa na mkanda wake, na Bartholomeo nyuma yake akienda mbio asizozitaka. Vijana wa bodaboda wa pale njia panda walipata mchezo wa kila siku.

"Shikamoo mzee. Leo anakupeleka wapi?"

"Marahaba. Muulizeni mwenyewe," alijibu, na hakuweza kusimama kuongeza neno.

Baada ya mvua za kwanza Pipi aliona kuku ng'ambo ya mtaro. Mbwa akaruka mtaro, mzee akaingia ndani yake. Goti lilivimba kama boga. Pendo alimfunga bendeji, na alipomaliza akasema yote kwa mara moja.

"Baba, ukianguka tena, Pipi anakwenda Mbalizi kwa Tadeo. Sitaki kukuzika kwa sababu ya mbwa."

Tadeo ni shemeji yake Pendo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mbwa wa Tadeo hufungwa mnyororo kwenye nguzo ya banda mchana kutwa, wanabwekea magunia. Bartholomeo aliwahi kuwaona. Usiku huo, alivyoniambia, hakula.

Goti lilipopungua alianza kupambana. Alifupisha kamba, Pipi akavuta zaidi. Alimvuta nyuma, Pipi akaegemea mbele kwa nguvu zake zote, tena kwa furaha. Mimi nilimshauri fimbo, kwa sababu ndiyo tuliyolelewa nayo. Akaniambia hajawahi kumpiga mnyama kwa kosa asilolielewa yeye mwenyewe kwanza.

Alilielewa akiwa kibarazani kwangu, mbwa amelala juu ya kiatu chake. Alinieleza polepole, kama mtu anayesoma barua. Maksai, alisema, hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: mnyororo ukikaza, nenda. Mkulima hukaa nyuma, huita kwa kupiga ulimi, na kila ng'ombe anapoegemea nira, ardhi inafunguka na safari inasonga. Huo ndio ujira wake.

"Na mimi nimekaa nyuma ya huyu," alisema. "Kamba ikikaza, naita kwa ulimi na kumfuata. Sijamharibu, ndugu yangu. Nimemfundisha vizuri mno. Huyu ni maksai."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakumbuka kitu ambacho ng'ombe nao hujifunza: plau ikigonga kisiki, mnyororo unakaza lakini hakuna kinachosonga. Ng'ombe mjinga hung'ang'ana akavunja nira. Aliyefundishwa husimama, hulegeza, hungoja.

Kesho yake Bartholomeo akawa kisiki. Aliacha kutembea nyuma, akatembea ubavuni, jambo lililomuwia gumu kuliko goti. Pipi alipovuta, mzee alisimama. Hakuvuta, hakukemea, hakupiga ulimi. Alingoja. Mbwa alikoroma, akalalamika, mwishoni akageuka kutazama kilichokwama, kamba ikalegea, na papo hapo mzee akapiga hatua. Pipi akija karibu na mguu alipata dagaa mmoja kutoka mfukoni. Asubuhi yote hawakufika hata kanisani, na kanisa liko jirani. Vijana wa bodaboda walimwuliza kama betri imekwisha. Aliendelea kusimama. Nimemwona mtu huyu akisimama juani akitazama mbwa wa kilo chache kwa uvumilivu ambao shule za leo hazina hata kwa watoto wa watu.

Siku Pendo alipokuwa na mapumziko, alisema wataenda wote sokoni, aone mwenyewe. Usiku ilikuwa imenyesha na mteremko wa kwenda sokoni ulikuwa unateleza kama sabuni. Tadeo alikuwa ameshapigiwa simu akae tayari. Nilifuata nyuma yao, sikujifanya nina safari nyingine.

Karibu na ule mtaro kuku alivuka na vifaranga vyake. Pipi akaruka. Kamba ikakaza, na Bartholomeo akasimama, miguu imepanuliwa kwenye tope, mkono umetulia tumboni. Hakuyumba. Mbwa alitetemeka, akatazama kuku, akatazama kamba. Kisha akarudi mwenyewe hadi mguuni, akala dagaa wake.

Pendo alitoa simu, akamwambia Tadeo asisumbuke, hakuna mbwa wa kuja, kisha akaendelea kuteremka kwa mwendo wake wa hospitali, ule wa watu wote wa leo. Mzee hakumfuata. Alibaki amesimama pale pale, na Pipi akakaa chini kando yake. Pendo alifika mbali kidogo, akahisi yuko peke yake, akageuka kutazama kilichokwama.

Akarudi. Wakateremka watatu pamoja, kwa mwendo wa mzee.