Mita Zilizobatizwa Soweto

Kwa miaka ishirini na sita hakuna fundi wa umeme mjini Moshi aliyehesabika kuwa fundi kama mita yake ya kupimia volti haijapita kwenye benchi la Mzee Sadallah, mtaa wa Soweto. Mafundi waliiita shughuli hiyo kubatiza. Ukinunua mita mpya unampelekea, anaifungua mgongo, anazungusha kiskurubu kilichomo ndani mpaka isome sawasawa na mita yake kubwa ya mezani, pande la chuma la zamani alilolitunza kuliko macho yake. Wachaga walimtania kwamba yeye ndiye Mwislamu pekee mwenye ruhusa ya kubatiza, naye alicheka huku kifua kimemjaa, maana sifa alizipenda, tusidanganyane.

Mwezi uliopita namba za mita hiyo ya mezani zilianza kuchezacheza. Sadallah akajua tatizo ni zena. Ni kijidude kidogo kuliko punje ya mahindi, na kazi yake ni moja tu: kushikilia volti isiyobadilika, ili kila kinachopimwa kilinganishwe nayo, kama jiwe la mizani dukani. Kikizeeka, mita nzima inasema uongo bila haya. Binti yake Hajira akamtafutia kipya Dar es Salaam, akakituma kwa basi. Sadallah akang'oa cha zamani, akapachika kipya, akasubiri lehemu ipoe, kisha akapima tena betri aliyokuwa ameipima kabla ya kuifungua mita. Mwanzo ilisoma kumi na mbili nukta tatu. Sasa ilisoma kumi na mbili nukta saba.

Akakaa kitako kwenye stuli. "Filemon," alisema, na dukani hapakuwa na mtu.

Filemon, mtoto wa Elisifa wa Uru, alikuwa mwanafunzi wake. Miaka miwili iliyopita alifunga sola kwenye kituo cha maziwa cha kikundi cha wafugaji kule kwao. Alikuwa na mita mpya, na aligoma kuibatiza. "Mwalimu, hii imepimwa kiwandani," alisema kwa adabu zote, lakini Sadallah alisikia tusi. Kikundi kilipomwita aje kukagua kazi, alikwenda na mafundi wengine watatu. Akapima, akaona chaji iko chini, akatangaza mbele ya wanachama wote kwamba kijana amelipua kazi. Filemon akanyoosha mkono, akasema mita yake inasoma vingine. Wale watatu wakatoa za kwao, na zote zikasema kama ya Sadallah. Zingesemaje vingine, na zote alizibatiza yeye? Hilo halikumjia mtu kichwani. Sadallah akapandisha chaji kwa mkono wake mwenyewe.

Kabla mwaka haujaisha betri zote nane zilikuwa zimechemka kwa kuchajiwa kupita kiasi na kukauka. Maziwa yakachachuka, na lawama akabebeshwa Filemon, kwamba aliziharibu tangu mwanzo. Uru hawakumpa kazi tena, na Kibosho wakasikia, nao wakamkwepa. Akaenda kubeba mizigo ya watalii mlimani.

Lingekuwa kosa tu, Sadallah angejitetea. Lakini wiki moja kabla ya ukaguzi ule alipima betri mpya kabisa, ikasoma chini, akaliona hilo vizuri, akajitia hamnazo. Mita ilikuwa imezeeka, naye pia, na hakutaka kusikia habari za uzee. Basi aliona, akanyamaza, kisha akaenda kumvunjia kijana wa watu jina lake. Siku tatu nafsi ilimsuta.

Siku ya nne akapiga moyo konde, akapanda Uru asubuhi. Aliwakuta wafugaji kituoni, kwenye foleni na ndoo zao, mwenyekiti wao Eliona akipima maziwa.

"Jamani," Sadallah alisema baada ya salamu, "zile betri niliziua mimi. Filemon alizifunga sawasawa. Mita yangu ndiyo ilikuwa mbovu, na zote nilizozirekebisha zilikuwa mbovu kama yenyewe."

Eliona akacheka. "Aisee, Mzee Sadallah! Umepanda mlima wote huu kwa hilo tu? Mtu si malaika bwana. Hayo yameshapita."

Akaletewa kiti na kikombe cha maziwa ya moto. Mtu mmoja akamuuliza kama anaweza kumletea mita yake aibatize upya. Msamaha ulikuja upesi namna hiyo, na ndio uliomuuma, kwa kuwa Filemon hawakumpa hata nafasi ya kumaliza sentensi.

Elisifa alikuwa wa tano kwenye foleni. Hakucheka. Akaweka ndoo chini, akapiga simu, akaiweka spika na kumnyooshea Sadallah.

"Shikamoo, fundi," Elisifa alisema. "Mwambie mwenyewe. Ameshuka mlimani jana, yuko geti la hifadhi anasubiri safari nyingine."

"Shikamoo, mwalimu!" Sauti ya Filemon ilikuwa na furaha.

"Marahaba, mwanangu." Sadallah akaisogelea simu. "Filemon, mita yako ilikuwa sahihi. Yangu ndiyo ilikuwa imechoka. Chukua mita yako urudi nyumbani. Nitazunguka na wewe mlango kwa mlango niwaambie watu."

"Mita niliitupa, mwalimu."

"Umeitupa? Kitu kizima, kwa nini?"

"Si wewe ulisema ni mbovu? Nilikuamini. Na zile betri, mpaka leo namwomba Mungu anisamehe maziwa ya watu."

Kwenye foleni hakuna aliyemtazama Sadallah, wala aliyemtazama Elisifa.