Maharage Niliyoyaonja Mbele ya Kikundi

Mama mwenye nyumba wangu pale Nsemulwa alinikuta uani asubuhi, nimezungukwa na vyombo vya plastiki vya mifuniko ya kubana, akauliza kama nahama.

"Naenda Katumba, mama. Kikazi."

"Kwani nyie mnadhani Katumba hawali?"

Nilicheka kwa adabu, nikaendelea kupanga. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga zisizo na chumvi, matango, na chombo kikubwa cha maharage yaliyopikwa na malenge.

Lazima niseme nilivyo. Ufugaji nyuki nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuumwa. Sina cheti, kwa hiyo kila ninachofanya nakifanya kama mtu atakayekaguliwa. Daktari aliwahi kuniambia tumbo langu linataka chakula kwa wakati. Mwingine angekula kwa wakati, yakaisha. Mimi niliifanya kauli ile kuwa dini. Niliangalia video za watu wenye majiko meupe wakifundisha kuandaa chakula cha safari, nikaamini kwamba mtu aliyepanga mlo wake amepanga na maisha yake.

Na maisha yangu wakati ule yalitaka kupangwa. Shirika dogo lilikuwa limenichukua kwa majaribio, niwashawishi warina asali waongeze mizinga ya masanduku kando ya mizinga yao ya magogo. Kilibaki kikundi kimoja, cha kijiji kimojawapo cha Katumba. Wakikataa, majaribio yangu yangeishia hapo. Bosi aliniambia hayo kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

Dereva wa bodaboda alinifikisha kwa mama mwenyekiti wa kikundi. Wanachama walikuwa wamekaa uani kwake. Mama alileta togwa, akapiga fundo moja, kisha akanipa kikombe kilekile. Nilikunywa huku nikiwaza habari za bakteria.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka simu yangu ikalia kunikumbusha kula. Jikoni kwa mama moshi ulikuwa unafuka, nami niliuona. Niliwaza kwamba wana shughuli zao, nisiwaongezee mzigo. Nikaomba udhuru, nikazunguka nyuma ya nyumba na begi langu. Nilikuwa namenya yai la pili mama aliponitokea.

"Mwanangu, umebeba chakula?"

"Ndiyo, mama. Sikutaka kuwasumbua."

"Kutusumbua," alirudia, akarudi uani.

Niliporudi uani nilikuta mama ameshawaambia. Mzee mmoja alisema, bila kuniangalia, "Kumbe mgeni ameambiwa huku tunalisha watu sumu."

"Na hiyo asali yetu ataigusaje?" mwingine akadakia. "Labda kwa kijiti."

Walicheka, na kicheko kile hakikuwa cha kunikaribisha. Dereva, aliyekuwa akinisubiri, aliniinamia sikioni. "Dada, umeharibu. Wagawie hicho chakula."

Nikatoa chombo kikubwa. "Jamani, karibuni tule wote."

"Vizuri," mama akasema. "Anza wewe."

Hapo ndipo nilipolielewa lile fundo la togwa. Anayekaribisha huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna kilichowekwa. Mtoto wa pale anajua. Mimi nilikuwa najua vitamini.

Nilifungua mfuniko, nao ukapumua. Usiku nilikuwa nimeyafunika maharage yakiwa bado ya moto, kwa sababu video ilisisitiza hewa isiingie, kisha nikayabeba juani mgongoni. Yalikuwa na povu. Kikundi kizima kilikuwa kinatazama kijiko. Nikitema, nimekiri sumu. Nikifunika, nimekiri zaidi.

Nikala. Nikatafuna, nikameza, nikajaribu kutabasamu. Mtu anayehangaikia ukamilifu hujizoeza mambo mengi, lakini uso wangu sikuwa nimeufundisha kudanganya.

Mama alikichukua chombo, akanusa. "Mwanangu, haya yamechacha."

"Kidogo tu."

"Na umemeza?"

"Niliogopa nikitema mtadhani nimekuja kuwadhuru."

Yule mzee ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika magoti. "Mwacheni, mwacheni! Huyu hawezi kumlisha mtu sumu. Zote anazimaliza mwenyewe!"

Mama aliyamwaga maharage kando ya banda. Kuku waliyasogelea, wakayatafakari, wakaondoka. Kisha akaleta ugali wa muhogo, na maharage ya kwake yenye mawese. Alimega tonge, akachovya, akala, akasogeza sahani kwangu. Sikuuliza mafuta ni kiasi gani. Nilikula mpaka akaridhika yeye, ambapo ni mbali sana na pale ninaporidhika mimi.

Walikubali mizinga, michache kwanza, kwa sharti kwamba wa kuikagua niwe mimi na si mtu mwingine. Hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo hakuna aliyeitaja. Kwenye ripoti niliandika kwamba elimu ya ufugaji wa kisasa imepokelewa kwa hamasa.

Njiani kurudi tumbo lilianza kudai haki yake. Dereva alisimamisha pikipiki kando ya shamba la tumbaku, kisha kando ya jingine.

"Ni ugali wao au maharage yako?" akauliza.

"Maharage yangu!" nilimjibu kwa ukali uliotushangaza wote wawili. "Na usithubutu kumwambia mtu kwamba nimeumwa baada ya kula kwao."

Jioni simu iliita. Alikuwa mama mwenyekiti.

"Mmefika salama, mwanangu? Tumbo linaendeleaje?"

"Zima kabisa, mama," nilisema, nimeshika mlango wa choo. "Wanasalimu huku. Chakula kilikuwa kitamu sana."

La mwisho lilikuwa kweli.