Koo la Mdogo Wangu

Nilimpiga mdogo wangu kooni kwa mchi. Naanza na hilo kwa sababu nyumbani kwetu Mlowo bado kuna ndugu wanaosema ilikuwa ajali, na haikuwa ajali.

Sote wawili tulikuwa waimbaji wa kwaya ya kanisa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, yeye ishirini na mitatu. Kwa muda mrefu mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, alikuwa mkali kuhusu vinywaji. Soda ya baridi hakutaka kuiona. Maziwa kabla ya kuimba alisema yanaleta kohozi zito. Alitaka tunywe maji ya uvuguvugu kutwa, na mwenye koo linalowasha aongeze asali. Lakini baadhi yetu wanaume tulikuwa na siri yetu, kachasu, ile pombe kali inayopikwa kienyeji pande zote mbili za mpaka wetu na Zambia. Tuliaminishana kwamba funda moja linafungua sauti. Mimi sikuishia funda moja.

Kufikia mavuno ya kahawa mwaka ule sauti yangu ilikuwa inakwaruza, na nikipanda juu inakatika. Tulikuwa tunajiandaa kwenda kuimba kwenye tamasha Tunduma. Siku nne kabla ya safari, mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu akaniambia nirudi mstari wa nyuma, mdogo wangu ndiye atakayeanzisha. Nilitoka nikaenda kunywa.

Jumamosi mchana nilirudi nyumbani nimelewa. Mama alikuwa uani, ametwanga tangawizi kwenye kinu kidogo, ameichemsha na kuichuja, ametia asali na limau. Alimmiminia mdogo wangu kikombe cha kwanza, akasema huyu sasa ndiye wa kutunzwa. Sidhani alikusudia kunichoma. Mdogo wangu aliponiona nimesimama mlangoni, akaninyooshea kile kikombe.

"Kaka, kunywa wewe," alisema. "Koo lako ndilo linaloumwa."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionipandisha wazimu. Nilikipiga kikombe kikaruka, nikachomoa mchi kwenye kinu nikamchapa nao. Nimejiuliza mara nyingi kama nililenga bega. Hapana, nililenga koo.

Kitu kilipasuka ndani ya shingo yake, nikakisikia. Aliangukia kichanja cha kukaushia kahawa, kikavunjika chini yake, kahawa ikamwagika uani. Alijishika shingo kwa mikono miwili, mdomo wazi, na hewa haikuingia. Mama alimrukia. Mimi nilibaki nimesimama na mchi mkononi mpaka baba alipotokea nyuma ya nyumba, akaninyang'anya, akaanza kunipiga nao. Pigo la pili lilivunja mkono wangu wa kushoto. Baada ya hapo sikujikinga tena. Alinipiga mpaka majirani wakamshika kiuno na kumvuta.

Walimpakia mdogo wangu kwenye bodaboda kwenda hospitali Vwawa, mama akiwa nyuma amemkumbatia asidondoke. Huko walimtoboa shingo wakamwekea mrija apate kupumua. Mimi nilifungwa hogo, ile plasta ngumu ya mkono uliovunjika, hospitali hiyo hiyo. Baba alikuwa ameshakwenda polisi kunishtaki. Askari alipokuja wodini, mdogo wangu, ambaye hakuweza kutoa hata mkoromo, aliomba daftari akaandika kwamba aliteleza akaangukia mashine ya kumenya kahawa. Baba alisoma, akatoka nje. Hakunisemesha mwaka mzima.

Daktari alisema gegedu la koo limepasuka. Asiongee wiki sita, hata kunong'ona asinong'one. Mama akauliza kuhusu tangawizi yake. Daktari akamkataza, akasema tangawizi na limau vitamchoma kwenye kidonda. Ampe maji tu, ya uvuguvugu, kidogo kidogo.

Aliporudi nyumbani, mama alinipa kazi ya kumpelekea maji hayo kila baada ya muda mfupi. Wiki ya tatu nikajiona najua kuliko daktari. Nilichemsha tangawizi na asali kwa mkono mmoja, nikampelekea. Alinusa tu, akanirushia usoni. Kisha akainuka na kigoda alichokuwa amekalia akanishushia. Alinipiga kimya kimya, hakuna tusi, hakuna kelele, pumzi tu zikikwaruza kooni mwake. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa baba. Meno yangu mawili yalitoka. Mama alisimama mlango wa jikoni akitutazama, hakuja kutuachanisha. Mdogo wangu alipochoka alikaa chini, akaonyesha kikombe. Nikaenda kuleta maji, damu ikinidondoka kifuani, naye akanywa.

Sauti yake ilirudi nzito, imepasuka, maneno ya mwisho yakiishia kwenye hewa. Sasa yuko Tunduma, anashughulikia karatasi za mizigo mpakani, anaongea kutwa na madereva wa Zambia. Kuimba haimbi. Mimi niliacha kachasu, nikaungama mbele ya kanisa, na mwalimu akanirudisha kwaya. Sauti yangu ilirudi yote, safi kuliko zamani. Hilo sijalizoea.

Mwaka jana mdogo wangu alioa. Wiki moja kabla ya harusi alikuja nyumbani, akaniita uani tukakaa.

"Kwaya itaimba," alisema. "Wewe usiimbe."

Nikamwambia sawa.

"Mengine nimekusamehe, kaka. Kusikia unaimba bado."

Siku ya harusi nilikaa kwenye viti vya wageni. Kijana aliyeanzisha wimbo alishika juu mno, wenzake wakahangaika kumfuata, na wanakwaya wawili watatu wakageuka kunitazama. Niliangalia chini, mdomo nimeufunga, mpaka wakamaliza.